Mbegu za Mtani

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, taa ya lakiri, iliyofunga matokeo yasionwe na mtu hadi siku hiyo, kwenye ukuta wa chumba cha hesabu, Kituo cha Shengena, iligeuka kutoka nyekundu kuwa kijani.

Harufu ya makande ilikuwa imetanda chumba kizima, kwa kuwa mpishi, ambaye hakuwa na shaka yoyote kuhusu matokeo, alikuwa ameingiza sufuria mapema mno na kuiweka juu ya meza ya mashine. Nakiete Mgonja, mkuu wa uchanganuzi, aliisukuma kando kwa kiwiko na kusoma kilichotokea kwenye kioo.

"Mia nne na thelathini," alisema.

"Na tulihitaji ngapi?" aliuliza Mkurugenzi Mwanaheri Bakari. Alijua jibu. Aliuliza kwa ajili ya wageni waliokaa nyuma.

"Mia tano. Chini ya hapo hazitoshi."

Kwa miaka sita, darubini iliyosimikwa upande wa mwezi usioiona dunia ilikuwa ikikusanya nuru ya galaksi zilizowaka ulimwengu ukiwa bado mchanga. Nuru hiyo ilitoka kwa nyota changa zenye joto kali, nayo ilitoka ikiwa urujuanimno. Safari ndefu ndani ya anga linalotanuka ikaivuta na kuirefusha, hata ikafika mwezini ikiwa vuguvugu lisiloonekana kwa jicho. Kazi ya Shengena ilikuwa kuzipanga galaksi hizo kwa mng'ao wake wa asili, kuanzia kali hadi hafifu, na kusema kila daraja lina ngapi. Galaksi kubwa zilijihesabu zenyewe. Swali lilikuwa la ndogo. Katika siku hizo za mwanzo ulimwengu ulijaa ukungu wa haidrojeni, kisha ukungu ukaondoka. Nakiete alikuwa ameandika, tangu ombi la kwanza la kupewa eneo hilo la anga, kwamba walioufagia kwa nuru yao ni hao wadogo, galaksi hafifu, kwa wingi wao. Hesabu ilidai kila galaksi moja angavu iwe na ndogo mia tano au zaidi. Sasa zilikuwa mia nne na thelathini.

"Kwa hiyo siyo hao walioufagia," alisema mgeni mmoja.

"Hawakutosha," alisema Nakiete, kwa sauti ile ile ambayo angesomea kipimajoto.

Watu wakapiga makofi hata hivyo. Hakuna aliyewahi kufika kwenye galaksi hafifu kiasi kile, na namba ni namba.

"Hayo makofi ya kumsindikiza aliyeshindwa," alisema mtu kutoka mlangoni. "Usijali, Mgonja. Wapare mmezoea. Mnashindwa kesi ya kuku, mnauza ng'ombe mkate rufaa."

Chumba kizima kikacheka. Alikuwa Aikaeli Temu, Mchaga wa Machame, daktari wa fizikia kama Nakiete, mpanzi wa kituo.

"Nilidhani umebaki nje unahesabu matairi ya magari ya wageni," alisema Nakiete bila kugeuka. "Maana Mchaga hapiti mbele ya mali ya mtu bila kuikadiria."

"Nimeshayakadiria. Umasikini mtupu."

"Temu," alisema Mkurugenzi, "toa tamko, tule."

Mpanzi ndiye mtu pekee kituoni aliyelipwa kudanganya. Picha za mwezini zilichambuliwa na mashine waliyoiita Msasi, na Msasi alikuwa hodari, lakini hakuna msasi anayejua idadi ya wanyama waliomponyoka. Ili kuijua, mpanzi alichora galaksi za uongo, hafifu kama zile za kweli, akazificha ndani ya picha bila kumwambia mtu. Msasi akipata mbegu sabini kati ya mia, basi ilijulikana kwamba hata za kweli anaziona sabini tu kati ya kila mia, na hesabu ikaongezwa kwa kiasi hicho. Tena Msasi alijinoa kwa mbegu: alipozikuta, alijifunza picha ile inaficha vitu namna gani.

Mwanzoni walijaribu mashine ipande. Msasi akaitambua mashine mwenzake ndani ya wiki moja. Wakajaribu marafiki. Rafiki alimwonea rafiki yake huruma, akapanda mbegu nono. Wakajaribu wageni wasiojuana. Kila tamko likazaa ugomvi, kwa sababu hakuna anayependa kudanganywa miaka sita na mtu asiyemjua. Ndipo mtu mmoja kwenye mkutano wa Dodoma akauliza kwa nini wanahangaika, ilhali nchi nzima ina watu wenye ruhusa ya kudanganyana bila kukasirikiana. Tangu hapo Mkataba wa Vituo ukaagiza kwamba mpanzi awe mtani wa mchanganuzi. Mtani anaruhusiwa kudanganya hadi siku ya tamko, anaposema hadharani alichopanda, ingawa mashine ilikwisha kukijumlisha kwa siri. Siku hiyo akisema uongo, si mtani tena.

Aikaeli alisimama karibu na sufuria, akavaa uso wa kanisani.

"Picha ya kwanza hadi ya arobaini, nilipanda mbegu mia moja kila picha. Arobaini na moja hadi hamsini, sikupanda. Hamsini na moja hadi tisini, mia moja kila picha. Nimemaliza. Chakula."

Msaidizi wa mpishi alikuwa ameshashika upawa.

"Rudia ya kati," alisema Nakiete.

"Arobaini na moja hadi hamsini, sikupanda."

"Kwa nini?"

Aikaeli alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hulala kitandani. "Zilipigwa wiki ya msiba wa mzee wako. Mimi nilikuwa kwenu kijijini Mamba, nimeshika jembe la kaburi, nimekataa kuliachia mpaka wajomba zako wanilipe kuku. Umesahau?"

"Sijasahau. Ulirudi Jumatatu. Ungeweza kupanda baadaye."

"Nikutanie siku ambazo hukuwepo? Huo si utani, Nakiete. Huo ni usengenyaji."

Aliisema bila mzaha, na katika kundi lile hakuna aliyemwona mjinga. Hata Mkurugenzi, mtu wa Tanga mwenye watani wake mwenyewe, aliitikia kwa kichwa polepole. Nakiete tu ndiye aliyekuwa tayari amefungua programu na kushuka hadi mahali alipopajua. Mstari ule aliuandika mwenyewe kabla darubini haijarushwa, ili programu isikwame kwenye majaribio. Ulisema kwamba mahali pasipo mbegu, ihesabiwe kuwa Msasi ameona zote.

Picha kumi zile zilipigwa mfululizo mwezi ulipokuwa gizani, bila darubini kupumzika. Zilikuwa ndizo zenye kina kuliko zote. Nusu ya galaksi hafifu walizozipata zilitoka humo.

"Chakula kisubiri," alisema.

*

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na dirisha linalotazama msitu, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya miti. Mwanaheri Bakari alifunga mlango, akawasikiliza wote wawili, kisha akaketi.

"Niambieni kama mnavyomwambia mtu mzima," alisema. "Namba ni mbaya?"

"Ni ndogo kuliko inavyopaswa," alisema Nakiete. "Kwenye picha kumi tumedai kwamba tumeona kila kitu. Haiwezekani tumeona kila kitu. Tumeona sehemu. Sijui sehemu gani."

"Ikirekebishwa, itapanda?"

"Lazima ipande. Ipande hadi wapi, sijui."

"Juu ya mia tano?"

"Ndilo swali ambalo sitakiwi kuwa nalo, Mkurugenzi. Nimeshaiona mia nne na thelathini. Nikigusa hesabu sasa, hata nikigusa kwa haki, nitakuwa mtu aliyekosa alichokitaka kisha akapata sababu ya kukiongeza. Ningekuwa mimi ninayesoma taarifa hiyo, nisingeiamini."

Mkataba ulikuwa wazi, na wote watatu waliujua kwa moyo. Lakiri ikifunguka, mkono ulioiona namba haugusi hesabu. Ukigusa, au kosa likitangazwa bila kuzibwa, eneo lote la anga linahesabiwa limeungua, na kituo kinachofuata kwenye foleni kinalichukua kuanza upya. Kulikuwa na tundu moja tu. Kituo hicho hicho kinachofuata, kikikubali, kingeweza kuziba pengo kwa mkono wake, bila kuiona namba. Kipengele hicho hakijawahi kutumika. Kilimtaka mtu amwonyeshe mshindani kidonda chake, kisha amwombe dawa.

"Basi tuiache," alisema Mkurugenzi. "Tuongee kweli, mwanangu. Namba iko chini. Hatujajikweza, hatujamdhulumu mtu. Utaratibu umefuatwa herufi kwa herufi. Tangazo ni saa kumi. Miaka ijayo mtu mwingine atapima vizuri zaidi, aseme zilikuwa nyingi kidogo. Nani atakufa?"

"Hakuna atakayekufa."

"Na ukiwapigia Maluti, wanaofuata kwenye foleni, wanaweza kusema asanteni, wakachukua anga lako. Miaka yako tisa. Na yangu pia, nisijifanye mtakatifu."

"Wanaweza."

Aikaeli, aliyekuwa amesimama muda wote, alikohoa. "Waambieni ni kosa la mpanzi. Niondolewe. Mpanzi akiondolewa kwa kosa lake—"

"Eneo linaungua vilevile," alisema Nakiete. "Na usijipe umuhimu. Wewe uliacha pengo. Mimi ndiye niliyeiambia mashine pengo maana yake ni kamili."

"Sasa hata kosa unaninyang'anya. Mpare kwa kugombea mali."

Mkurugenzi akacheka kwa pua, bila kutaka. Kisha akazungusha kalamu mezani.

"Sahihi kwenye taarifa ni yako, Nakiete, si yangu. Siwezi kukuambia uandike, siwezi kukuambia usiandike. Utafanya nini?"

Nakiete hakuchukua muda mrefu. Alijiuliza jambo moja tu: kesho mtu akiipokea mia nne na thelathini, ataifanyia nini? Ataichukulia kuwa ukungu uliondolewa na kitu kingine, ataanza kukitafuta, na atatumia ujana wake kukitafuta. Yeye atakuwa anajua. Upole wa namba isiyojikweza usingemsaidia mtu huyo hata kidogo.

"Nitapiga simu," alisema.

*

Dakta Relebohile Mokoena wa Kituo cha Maluti, Lesotho, alionekana kwenye kioo akiwa amejifunika blanketi zito la kwao, kikombe mkononi. Kiswahili alikisoma shuleni, kama watoto wote wa kizazi chake, na alikizungumza bila kumeza herufi hata moja.

"Dakta Mgonja. Leo ni siku ya lakiri yako. Nilidhani unacheza ngoma. Tafadhali usiniambie namba, bado nasubiri saa kumi kama watu wengine."

"Sikuambii. Nina pengo."

Akaeleza yote: picha kumi, msiba, mstari wa programu. Hakusema iwapo marekebisho yangemfaa au yangemharibia. Relebohile alisikiliza bila kunywa. Mkurugenzi, aliyesimama nje ya kamera, alishika ukingo wa meza.

"Unajua kwamba sisi ndio tunaofuata kwenye foleni," alisema Relebohile.

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

"Wenzangu hapa wamelitamani eneo hilo miaka mingi. Nikiwaambia limeungua, watachinja kondoo."

"Najua."

"Na kama usingenipigia, nisingejua kamwe."

"Labda."

Relebohile aliweka kikombe chini. "Dakta Mgonja, sisi tuna eneo letu, na lakiri yetu itafunguka miaka miwili ijayo. Sijui sisi tumesahau nini. Nikilichukua anga lako leo kwa sababu umesema kweli, siku hiyo nani atanipigia? Na mimi nitampigia nani?" Akavua blanketi begani, akakunja mikono ya sweta. "Nitumie picha zako. Zitume bila alama zozote. Nitapanda."

Nakiete aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayethibitisha kupokea mzigo. "Kuna tatizo. Mpanzi lazima awe mtani wangu. Mimi na wewe hatutaniani."

"Hilo linafanyikaje?"

"Linasemwa mbele ya mashahidi. Na linajibiwa."

Uso wa Aikaeli ulijaa upande mmoja wa kioo. "Shikamoo, Dakta, mimi ndiye mpanzi aliyefukuzwa kazi asubuhi hii. Chukua silaha. Hawa watu wanapenda mahakama kuliko chakula, na chakula chenyewe ni mahindi na maharage. Endelea hapo."

Relebohile alijinyoosha, akafikiri kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani wa mdomo. "Nimearifiwa," alisema, "kwamba Mpare akipotelewa na sindano humshtaki jirani, na jaji akimpa sindano mpya, hukata rufaa kwa sababu tundu si lile."

Nyuma ya Nakiete chumba kizima kilikuwa kimejaa watu waliosahau kubisha hodi. Kicheko chao kilitikisa kioo. Wakamgeukia. Asipojibu, haukuwa utani, ilikuwa tusi.

"Na ninyi mnashinda na blanketi mchana kutwa," alisema Nakiete. "Mtu hajui kama mnakwenda kazini au mmetoka kulala."

"Tumetoka kulala," alisema Relebohile. "Tuliamshwa tuje kuchukua anga lako, tukaona ni la watu masikini, tumeliacha."

"Mashahidi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tumesikia," walisema wote.

Kabla picha hazijatumwa, Nakiete aliandika sentensi tatu, akaziweka ubaoni: kwamba chochote kitakachotoka kitatangazwa, kwamba mia nne na thelathini nayo itatangazwa, kando yake, pamoja na sababu ya tofauti, kwamba hakutakuwa na jaribio la pili. Akasaini. Kisha akawatumia Maluti picha kumi, akakaa, mikono magotini, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Watu wakala makande. Yeye hakula. Aikaeli alimletea sahani, akaiweka mbele yake, akaila mwenyewe.

*

Saa tisa na robo, picha zilirudi zikiwa zimepandwa. Msasi alizichukua. Kwenye kioo, nukta ziliwaka moja moja, baadaye makumi kwa makumi, kama matone ya mwanzo juu ya bati.

Alipomaliza, kati ya mbegu elfu moja alikuwa amepata mia sita na kumi.

Nakiete aliitazama namba hiyo kwa utulivu wa mtu aliyekuwa anajua kwamba haiwezi kuwa elfu. Akaiacha programu imalize yenyewe. Mkono wake haukugusa kitufe. Mkurugenzi ndiye aliyebonyeza, na alilazimika kuuliza ni kipi.

Mia tano na thelathini. Kosa, arobaini juu au chini.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Kila mmoja alikuwa anatoa arobaini kichwani. Zilibaki mia nne na tisini, kwa hiyo mlango wa kusema hawakutosha haukuwa umefungwa kabisa, na Nakiete alilisema hilo kwanza, kabla ya jingine lolote, ili lisije likasahaulika. Lakini katikati ya namba palikuwa juu ya mstari. Wadogo walikuwa wengi. Walikuwapo huko siku zote, wakiwaka ndani ya ukungu, na yawezekana sana ndio walioufagia.

Ndipo makofi yakaja. Mpishi, aliyekuwa mlangoni, alipiga upawa kwenye mfuniko. Mkurugenzi aliketi kwenye kiti kisicho chake na kupangusa miwani. Aikaeli alimshika Nakiete bega.

"Umeshinda rufaa," alisema. "Ya kwanza katika historia ya ukoo."

Nakiete akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na wengi waliomjua miaka tisa hawakuwahi kukiona kicheko hicho. Aliendelea hadi alipohitaji kuketi. Kisha akajifuta macho na kusema, "Tamko."

Relebohile alisoma tamko lake, picha baada ya picha, na kadiri alivyosoma, mashine ikaondoa mbegu zake. Zilipokwisha kung'oka zote, zilizobaki zilipaswa kuwa zile zile galaksi ambazo Msasi alizipata tangu mwanzo.

Ilibaki moja zaidi.

Ilikuwa kwenye picha ya arobaini na saba, pembeni, hafifu kuliko nyingine yoyote kwenye orodha. Mara ya kwanza Msasi aliipita. Picha ile haikuwa na mbegu za kumnoa. Sasa alikuwa amenolewa.

"Arobaini na saba," alisema Nakiete. "Umesema umepanda mia moja."

"Nimepanda mia moja."

"Hii ni ya mia na moja?"

"Mtani hudanganya hadi tamko," alisema Relebohile. Blanketi lilikuwa limerudi mabegani. "Tamko nimeshalitoa. Hiyo si yangu."

Macho yote yakamgeukia Aikaeli. Aliinua mikono yote miwili, mmoja ukiwa na kijiko.

"Msinitazame. Siku hizo sikupanda kitu, na mmenisema kwa hilo tangu asubuhi."

Inaweza kuwa kelele ya kamera, doa linalozuka lenyewe. Nukta moja hafifu mara nyingi ndivyo ilivyo. Nakiete aliigawa picha nusu mbili, saa za shufwa upande mmoja, saa za witiri upande mwingine. Kelele haiketi mahali pamoja mara mbili. Akatazama nusu ya kwanza. Akatazama nusu ya pili. Kisha akawatumia Maluti nusu zote mbili, bila maneno, watazame wenyewe.

Saa kumi kamili, tangazo la Shengena lilitoka likiwa na namba mbili, sababu ya tofauti yake, jina la aliyeacha pengo, jina la aliyelipitisha, na jina la aliyeliziba.

Saa kumi na dakika mbili, Maluti walithibitisha: ipo kwenye nusu zote mbili, mahali pale pale.